Tela la Kwanza na Godoro la Nne kwa Sita

Leo nataka tuzungumze juu ya tela. Sisemi tela la lori linaloelekea Tunduma na kontena mgongoni. Nasema tela dogo la ekseli moja, linalofungwa nyuma ya gari la nyumbani, likabeba hema, godoro, jiko na maji, familia ikaenda kulala nje siku mbili ikarudi. Afrika Kusini ni chombo cha kawaida kabisa, kila likizo kiko barabarani. Hapa kwetu Dar es Salaam ukikitaja, mtu atakuuliza bei, kisha atakuuliza kwa nini hamwendi gesti.

Nianze na hilo la gesti. Mimi naishi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya nne, na watoto wangu watatu wamezaliwa hapo hapo. Wanajua sauti ya jenereta, wanajua spika ya muuza viatu, wanajua lori linaloshusha mzigo saa nane za usiku. Yule mdogo alifikisha miaka saba hajawahi kuona giza. Nasema giza lenyewe, lile la kunyoosha mkono usiuone. Gesti ingempa chumba kingine chenye taa na televisheni. Mimi nilitaka ajue usiku ulivyo, asikie wadudu, anuse majani yenye umande, na sisi sote tuwe pamoja chini ya turubai moja.

Basi nikaanza kuchora tela langu kwenye daftari, na nikalichora kubwa. Nikaweka kabati, sinki, friji, vitanda vinne, na tangi la maji la lita 200. Sikufikiria hata mara moja kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na kwamba tangi lile peke yake ni kilo 200 kabla hujaweka hata kijiko. Nililala na daftari lile wiki nzima nikiongeza vitu.

Aliyenizindua ni kijana wa mkokoteni. Asubuhi moja, pale Uhuru inapokutana na Msimbazi, alikuwa amesimamisha mkokoteni wake wenye magunia ya vitunguu, anayahamisha. Gunia moja alilivuta mbele kiasi cha shibiri mbili, akashika mikono ya mkokoteni, akainyanyua kidogo, akaishusha. Akarudi, akasogeza tena gunia lile lile. Nilikuwa nasubiri kuvuka, nikamuuliza, "Mwanangu, mbona unahangaika na gunia moja?"

"Mama, mzigo ukikaa nyuma unaninyanyua mimi," akaniambia. "Ukikaa mbele wote, unaniua mikono. Mzigo ukae juu ya tairi, halafu kidogo tu uegemee kwangu."

Kidogo tu uegemee kwangu. Msikilizaji, nimesoma mengi juu ya matela baada ya siku ile, na sijakutana na maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Wataalamu wanalisema kwa tarakimu: mdomo wa tela, ile sehemu ya mbele inayoshikana na gari, uwe umebeba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tela la kilo 400 lilaze kilo 40 hivi kwenye gari. Pungufu ya hapo, mkia wa tela unakuwa mzito, na ukishika kasi tela linaanza kucheza kushoto na kulia na kulivuta gari pamoja nalo. Ukizidisha sana, gari linakaa nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, na usukani hausikii.

Nikarudi nyumbani nikachana ile karatasi.

Mtu akiishi Kariakoo, habari ya mzigo imo hata kwenye jina la mtaa wake. Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jengo la soko, vita vya 1914 vikaingia kabla halijaanza kazi yake. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi lao. Ulimi wetu ukalifanya jina lile Kariakoo, na Nairobi nako wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo. Wengi wa watu wale hawakwenda kwa hiari. Walikamatwa vijijini, wakabebeshwa risasi na vyakula vya jeshi, wakafa kwa maelfu, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa. Ukipita pale kwenye sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Mimi husimama.

Na kabla yao walikuwapo wapagazi wa misafara, wa Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, Wanyamwezi wakiwa ndio mabingwa wa kazi hiyo. Mtaa wa Nyamwezi uko hatua chache kutoka kwangu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na juu ya hapo alibeba mkeka wake na posho yake. Kila kundi dogo lilikuwa na chungu chake, wanapika pamoja na kulala pamoja. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, na mpagazi aliyeijua kazi yake aliubeba kwanza akausikiliza mwilini ndipo akaukubali. Safari yangu ya kupumzika siwezi kuilinganisha na safari zao. Nachukua kitu kimoja tu kutoka kwao, na nakichukua kwa heshima: huondoki kabla hujaujua mzigo wako.

Kosa hili la kutaka nyumba nzima iende nawe ni la zamani, na si letu peke yetu. Uingereza mwaka 1885, daktari mmoja aliyewahi kutumika katika jeshi la majini, Gordon Stables, alijengewa gari la kulala kwa ajili ya matembezi tu. Wenyewe wanalitaja kuwa la kwanza la aina yake. Lilikuwa na kabati za mbao nzuri na vyombo vya kila namna, likafika karibu tani 2, na farasi wawili walilivuta kwa taabu kila walipokuta mlima. Nami nilikuwa naelekea huko huko na tangi langu la lita 200.

Safari hii nikaanza na godoro. Kwetu magodoro yanauzwa kwa futi, na godoro letu ni la nne kwa sita. Nikampelekea fundi wa Gerezani vipimo hivyo, futi 4 kwa 6, nikamwambia ajenge sanduku ambalo godoro litalala ndani bila kukunjwa, na mbele aongeze futi moja na nusu ya jiko na vyombo. Basi. Watu wazima wawili wanalala juu ya tela, watoto wanalala kwenye hema pembeni. Fundi alilizunguka wazo lile, akauliza maswali matatu, na akalielewa kuliko nilivyolielewa mimi. Alitumia skweapaipu kwa fremu na mabati mepesi kwa kuta. Nilitaka mabati mazito nikidhani ndiyo uimara, akanionyesha kwamba uimara uko kwenye fremu na kwenye maungio, na kwamba kila kilo niliyoiweka ukutani nimeitoa kwenye maji au chakula.

Ekseli tulipata ya nyuma ya gari dogo lililochinjwa. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike. Chagua ringi za tela zenye matundu ya boliti sawa na za gari lako, na tairi za ukubwa uleule. Tairi moja ya akiba itatosha vyombo viwili. Upana wa kutoka tairi hadi tairi nao ukilingana na wa gari, tela litapita kwenye nyayo za gari lako unapoingia mchangani, halitajichimbia njia yake. Ukinunua tairi zilizotumika, tafuta ubavuni namba nne zilizo ndani ya kiduara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji amelipaka rangi likawaka kama jipya. Tela linakaa muda mrefu bila kutembea, na mpira unazeeka ukiwa umesimama.

Mambo ya karatasi yanataka subira, nayo yatangulie. Tela ni chombo cha barabarani, linasajiliwa TRA na linapewa namba yake. Nenda ukaulize kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomea, uliza na bima yako kama gari likivuta tela bado umekatiwa, na daraja la leseni yako liangalie. Kitabu cha gari nacho kisome: kimeandika uzito ambao gari lako linaruhusiwa kuvuta, na kwa magari mengine madogo jibu ni kwamba lisivute kitu. Ulaya, tela lisilo na breki zake halitakiwi kuvuka kilo 750 pamoja na mzigo. Sisi tulijiwekea 450.

Taa za nyuma ziwake zote, indiketa na breki. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya mdomo wa tela kama mikono iliyokunjwa, ili tela likichomoka kwenye tufe la chuma linalolishika nyuma ya gari, mdomo uangukie juu ya minyororo usichimbe lami. Watu wengi huona minyororo ile ni mapambo. Kwenye msongamano wetu, na bodaboda walivyo nyuma na ubavuni mwako, ni uhai wa mtoto wa mtu.

Vilivyobaki vyote Kariakoo ilivitoa, na sikutembea zaidi ya dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Turubai linakatwa kwa mita. Kamba, vigingi, taa za sola, chandarua, mabeseni, sufuria zinazoingiliana. Hema nililipata kwenye mitumba ya Karume. Hema la mtumba usilinunue likiwa limekunjwa: lifungue lote hapo hapo, pitisha kila zipu kwenda na kurudi, hesabu vyuma vyake, kisha ingiza kichwa ndani unuse. Harufu ya ukungu haitoki, na kitambaa chenye ukungu mvua inapita kama chujio. Jiko letu ni mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ule wenye kichomeo juu. Unasafiri wima, umefungwa mkanda, kwenye sanduku la mbele lenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini. Haulali nasi. Hilo sina mjadala nalo.

Safari ya kwanza tulikwenda karibu, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Tulichagua msitu wa Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, unaotunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kama kilomita 30 kutoka nyumbani. Ulikuwa mwezi wa saba, masika yamepita, vuli bado, kijibaridi cha kipupwe kinaanza saa kumi na moja jioni. Kama kitu kingeharibika, tungekuwa nyumbani kabla ya usiku. Tulipakia saa kumi alfajiri, barabara zikiwa tupu, maana saa mbili asubuhi huwezi kulitoa tela Kariakoo bila kukwangua gari la mtu.

Na tulipakia vibaya. Siku mbili kabla nilikuwa nimepima kila kitu kwa mizani niliyoazima kwa jirani muuza nafaka, nikaandika daftarini kila kimoja kikae wapi. Alfajiri ile, usingizi machoni, watoto wanashuka ngazi na mito yao, tukayaweka madumu matatu ya maji nyuma kabisa, karibu na mlango, ili yafikike kwa urahisi. Kilo 60 mkiani. Tulipopanda daraja la juu la Mfugale, pale Tazara, kila kitu kilikuwa shwari. Tulipoanza kuteremka, mume wangu aliacha gari lishike kasi kidogo, na nikahisi kitu kinatushika kiunoni, kikitupeleka kushoto, halafu kulia, halafu kushoto zaidi.

Ukikutwa na hali hiyo, msikilizaji, mkono wako utataka kupindua usukani na mguu wako utataka kukanyaga breki kwa nguvu. Vyote viwili vinazidisha. Achia mafuta, shika usukani unyooke, acha gari lipoteze kasi lenyewe. Mume wangu alifanya hivyo, na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, tela likatulia. Tukaegesha Gongo la Mboto. Sikuweza kuzungumza. Nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikayaona yale madumu matatu yamekaa pale ambapo mikono yangu mwenyewe iliyaweka, na nikalisikia lile neno la kijana wa mkokoteni. Tukayahamishia juu ya ekseli. Kutoka hapo hadi Kisarawe hatukuvuka kasi ya 50, na tela lilifuata kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Tulipofika nilifanya nililofundishwa na fundi: nikagusa kitovu cha kila tairi kwa mgongo wa kiganja. Kikiwa na joto kama chai ya uvuguvugu, sawa. Kikikuunguza, beringi zimekaza au hazina grisi, na safari imeishia hapo mpaka zifunguliwe. Vyetu vilikuwa vya uvuguvugu. Kisha tukaweka mawe mbele na nyuma ya tairi kabla ya kulichomoa tela kwenye gari, kwa sababu tela halina breki ya mkono, na mteremko ambao jicho halikuuona tela litauona.

Kulirudisha nyuma mahali pake kulituchukua karibu nusu saa. Siri yake niliijua baadaye, na nakupa bure: shika usukani kwa chini, pale ambapo uso wa saa ungekuwa na tarakimu 6, na peleka mkono wako upande unaotaka mkia wa tela uende. Mkono kushoto, mkia kushoto. Taratibu, kidogo kidogo, na mtu mmoja asimame nje ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Kafanye mazoezi haya uwanjani siku ya Jumapili, kabla hujajifunza mbele ya miti ya watu.

Usiku ule tulikula wali na dagaa, tukazima taa zote. Yule mdogo alinyoosha mkono wake. Hakuuona. Akanyamaza muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ndiyo hili?" Nikamwambia ndiyo hili. Juu yetu kitu kikalia, sauti kali inayokatika na kurudia, na kaka yake akadhani ni ndege. Alikuwa komba. Misitu hii ya Pugu na Kazimzumbwi ni miongoni mwa mahali pachache duniani anapoishi komba mdogo wa Rondo, kimnyama cha kutosha kiganjani, chenye macho makubwa, ambacho kiko hatarini kutoweka. Sikujua kama tuliyemsikia ni yeye au jamaa yake mwingine. Nilichojua ni kwamba tuko mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Mtaa wa Sikukuu, na kwamba wanangu wamelala karibu na mnyama ambaye watoto wengi wa dunia hii hawatamsikia. Jiji letu lina msitu wa namna hiyo mlangoni mwake. Natamani kila familia ya Kariakoo iufikie angalau mara moja, kwa tela au kwa daladala na hema begani.

Tumeshakwenda mara tano sasa. Tela linakaa Kigamboni kwa dada yangu, maana Kariakoo sina hata upana wa pikipiki wa kuliweka. Limeinuliwa kwenye matofali tairi zisibonyee, turubai juu, kufuli mdomoni. Mwezi wa sita tunataka kujaribu Mikumi, kilomita 283, na kwa safari hiyo beringi zitafunguliwa zote na kujazwa grisi mpya, kwa sababu pale barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita kama 50 na si mahali pa kusimama kutengeneza tairi huku tembo wanavuka.

Wiki iliyopita tulilileta tela mjini alfajiri kupakia. Kijana wa mkokoteni alikuwa anapita na mkokoteni mtupu, akielekea sokoni kutafuta mzigo wa kwanza. Akaliona, akasimama, akaweka mkokoteni chini. Hakuniuliza kitu. Alishika mdomo wa tela kwa mkono mmoja, akaunyanyua hadi magotini, akausikiliza, akaushusha.

"Hili linaegemea vizuri, mama," akasema, akauokota mkokoteni wake.